Nashon na Bunduki ya Daktari

Kwa miaka kumi na moja Nashon Ajwang' alisimama nyuma ya watu wenye bunduki. Kazi yake, katika klabu ya kulenga shabaha iliyokuwa mbele kidogo ya Kangemi, ilikuwa kuvuta mtambo unaorusha visahani vya udongo hewani. Mlengaji akipaza sauti, "Vuta!", Nashon anavuta, kisahani kinaruka kama kwale aliyeshtuliwa nyasini, bunduki inalia. Yeye mwenyewe hakuwahi kufyatua hata risasi moja. Lakini ukitazama mabega ya watu kwa miaka kumi na moja, unajua kwa nini mtu anakosa kabla yeye hajajua.

Mwaka wa 1969 klabu ilipata mwanachama wake wa kwanza Mwafrika, Daktari Mwendwa, wa ile hospitali kubwa ya Upper Hill. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mifupi na shingo nene, na alilenga kwa bunduki za kuazima. Nashon alimfurahia kama ndugu. Jioni walikuwa wakipiga gumzo karibu na gari la daktari, na siku moja daktari akamwambia, "Nashon, nataka kununua yangu. Moja tu, ya visahani hapa Jumamosi, na ya kanga na kwale nikienda porini. Twende mjini unisaidie kuchagua."

Nashon alivaa koti lake la kanisani. Mkewe, Caren, alilipiga pasi mara mbili.

Dukani, muuzaji alikuwa mzungu mzee mwenye miwani. Alimshika daktari mkono, akampita Nashon kama anapita kiti. Akatoa bunduki nzuri sana, mitutu miwili mirefu, chuma kimechorwa maua, kitako cha mti unaong'aa. Daktari akaipandisha begani. Nashon akaona kitako kinamkwama kwapani.

"Daktari, hiyo ni ndefu kwako," alisema. "Kitako kitakuchelewesha. Halafu ni nzito. Ukitembea nayo porini nusu siku, kanga wakiruka mikono itakuwa imechoka."

Muuzaji akamwangalia daktari, akasema jambo kwa Kiingereza, akacheka. Daktari naye akacheka kidogo. Kisha akageuka.

"Nashon, ngoja nje."

Alingoja nje. Alisimama kando ya barabara na koti lake la kanisani, karani mmoja akamuuliza kama yeye ndiye askari wa duka. Daktari alitoka na sanduku refu la ngozi, na njia nzima hadi Kangemi Nashon alikaa kiti cha nyuma akiuma meno. Mzungu yule hakumuumiza sana. Wa namna ile alikuwa amewazoea. Ila huyu daktari alikuwa amemwita mwenyewe!

Jumamosi ya kwanza daktari alipiga visahani vitatu katika ishirini na tano. Jumamosi ya pili, viwili. Sehemu ya juu ya mkono wake ikavimba, kwa sababu kitako kilikuwa kinatua kwenye msuli badala ya begani. Wenzake wakaanza kutabasamu. Jumamosi ya tatu daktari akashusha bunduki na kusema kwa sauti, kila mtu akisikia, "Huyu ananichelewesha makusudi! Ana kinyongo. Sahani yangu haitoki nikiita."

Katibu wa klabu, mwanajeshi mstaafu, hakumuuliza Nashon lolote. "Wewe, chukua vitu vyako. Kazi kwisha."

Nashon aliachia mkono wa mtambo.

"Nitaenda," alisema. "Lakini mtanisikiliza kwanza. Daktari, toa risasi. Angalia ule mti. Sasa funga macho, pandisha bunduki begani kama kawaida yako, halafu fungua macho. Usisogeze kichwa!"

Daktari alisita, lakini watu walikuwa wakimtazama. Akafumba macho, akapandisha. Kitako kikakwama kwenye koti, akakivuta, kikatua tena kwenye msuli wa mkono.

"Fungua. Unaona nini?"

Daktari akakaza macho juu ya mtutu.

"Sema unaona nini!"

"Naona ubavu wa mtutu," daktari alisema polepole. "Mti siuoni."

"Bunduki ikikutosha, ukifungua macho inatazama pale unapotazama. Hii inatazama kwingine. Nilikwambia dukani, ukaniambia ningoje nje."

Katibu akakohoa, akasema basi, Nashon arudi kazini, yaishe. Nashon akachukua kofia yake. "Tafuteni mwingine wa kuvuta."

Alipata kazi kwa fundi wa vitanda sokoni. Caren alilalamika. "Baba Peres, hasira yako hailipi karo ya shule."

Mwezi ukapita, ndipo daktari akaja Kangemi, Jumapili baada ya ibada. Alisimama mlangoni mwa chumba chao akishindwa pa kuweka mikono.

"Nilikosea, Nashon."

"Wapi?"

"Klabuni. Nilikusingizia."

"Wapi tena?"

Daktari akatazama chini. "Dukani."

Jumatatu wakarudi mjini pamoja. Nashon aliingia kwanza. Hakutazama yenye maua. Aliomba bunduki tano zilizokwisha kutumika, zilizokuwa nyuma, akamfanya daktari afumbe macho na kupandisha kila moja. Ya nne ilikuwa nyepesi, kitako kifupi, kimekwaruzwa. Daktari alipofungua macho akaanza kucheka mwenyewe. Muuzaji akaanza kueleza kitu kwa Kiingereza.

"Mwambie yeye," daktari akasema.

Kufikia Krismasi daktari alikuwa akipiga kumi na nane katika ishirini na tano. Alimwomba Nashon arudi klabuni, akamwomba tena, na Nashon akakataa mara zote mbili. Siku moja daktari alileta kanga wawili aliowapiga Machakos, akawaacha kwa Caren. Ulikuwa mchuzi mzuri, watoto waliramba sahani. Nashon alikula paja moja, akasema nyama ni ngumu, akatoka kwenda kuzungumza na majirani.