Gari ya Mugure

Phylis, anayeuza sukuma wiki hapo nje ya geti yetu Kitengela, ndiye aliyeniambia kwamba Mama Mugure ameingiliwa na pesa.

"Ameuza ile gari yake ya mayai, ile Probox," alisema akinikatia mboga. "Sasa anatafutia msichana gari. Msichana wa miaka kumi na nane, leseni ni ya juzi! Sisi wetu tunawanunulia viatu, tena vya mtumba. Ama ameuza shamba ya marehemu?"

Nilichukua mboga yangu nikaenda. Nilikuwa najua, na nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.

Mama Mugure, jina lake Waithera, ndiye mwenye ploti ninayopanga. Mume wake alikufa Mugure akiwa darasa la tatu, na tangu hapo amelea mtoto huyo kwa pesa ya mayai. Kuku wako nyuma ya nyumba. Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anapakia trei asubuhi, anaendesha mwenyewe hadi Isinya, hadi Kajiado, duka kwa duka. Wenye maduka walikuwa wanamjua kwa honi.

Mwezi wa pili alirudisha gari nyuma akagonga tanki ya maji. Alilaumu breki. Wiki iliyofuata nilimpelekea chapati, akanimiminia chai, na chai ikapita kando ya kikombe. Aliendelea kumimina huku akiniuliza mtoto wangu Amolo ameota meno mangapi. Nikamshika mkono. Hapo ndipo aliniambia. Ni presha ya macho. Mbele bado anaona, kama mtu anayechungulia kwa bomba, lakini pembeni pamefunga, na upande wa kushoto ndio mbaya zaidi. Daktari alimpa dawa ya matone. Dawa hiyo inazuia tu, kilichoenda hakirudi. Akamwambia asishike usukani tena.

"Mugure asijue," aliniambia. "Si milele. Ngoja apate gari kwanza. Aendeshe hata wiki mbili akijua ni zawadi yake ya kwenda nayo kolegi. Akijua sababu, kutoka siku hiyo yeye ni dereva wa mama yake. Nataka kwanza awe tu mtoto aliye na gari."

Wiki mbili. Niliona si kitu kikubwa cha kuomba.

Basi tulikuwa tunaenda watatu kutafuta gari, na Amolo mgongoni kwangu. Mugure aliambiwa nimekuja kusaidia kuchagua rangi. Ukweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa kutembea upande wa kushoto wa mama yake, na kumgusa kiwiko mahali pakiwa na mtaro.

Hatukuchukua makanika. Mama Mugure alisema wengi wanakula pamoja na mabroka. Yadi ya kwanza ya magari, hapo Kitengela, kijana muuzaji alituonyesha gari ndogo nyekundu inayong'aa kama tunda. Mugure aliingia, akarekebisha kiti, akajipiga picha. Mama yake alipitisha vidole kwa ukingo wa mlango, chini ya mpira. Akainama akanusa zulia. Halafu akavuta mshipi wa kiti mpaka mwisho, akaupangusa na leso yake, akaniwekea leso mbele. Ilikuwa na matope.

"Hii imeoga mafuriko," alisema.

"Mathe, hiyo ni vumbi ya kuosha gari," kijana akasema.

"Vumbi ya kuosha haiingii kwa mshipi. Toka, Mugure."

"Mum, wewe ni CID," Mugure alisema akitoka polepole. "Na mbona unashikashika gari kama unanunua kitambaa?"

Alicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Yadi ya pili Mama Mugure alimfundisha binti yake kusikiza injini. "Funga macho," alimwambia. "Macho yanadanganywa na rangi. Sikiza. Kuna kitu kinagonga?" Mugure alisimama mbele ya boneti amefunga macho, nywele zinapepea. Na mama yake akamsimamia mbele, sawasawa, akamtazama usoni. Alimtazama muda mrefu kuliko injini ilivyohitaji.

"Inagonga," Mugure akasema.

"Vizuri. Twende."

Jumamosi ya tatu tulishuka Kajiado kwa Leshan, mwenye duka aliyekuwa akinunua mayai ya Mama Mugure. Alikuwa anauza gari nyeupe, ndogo, ya mke wake. Lakini Leshan hauzi kitu kabla ya chai. Alituketisha kwa benchi nyuma ya duka.

"Hata ndama siuzi kwa mtu sijakunywa naye chai," alisema.

"Na gari yako nayo inakunywa?" Mugure akamuuliza.

"Inakunywa kidogo sana. Ndio uzuri wake."

Mama Mugure aliwasha injini, akainamisha kichwa akasikiza, na nikaona mabega yake yanashuka. "Ni hii," alisema.

"Nyeupe, Mum? Nitaonekana daktari wa ng'ombe." Lakini alikuwa ameshaingia, ameshika usukani na mikono miwili, na hakuwa anataka kutoka.

Wakati huo Amolo alianza kulia. Nikarudi kwa benchi kumnyonyesha. Najua ningemwacha alie kidogo, nisiondoke kushoto kwa Mama Mugure.

Nasieku, binti ya Leshan wa miaka mitano, alikuja kusalimia wageni. Watoto wa Kimaasai hawampi mkubwa mkono. Wanainamisha kichwa, wanangoja kuguswa utosini. Mama Mugure amekaa huku miaka ishirini na hajawahi kumpita mtoto bila kumgusa hivyo, hata Amolo wangu. Nasieku alisimama kushoto kwake, akainamisha kichwa, akangoja. Mama Mugure alikuwa anaongea na Leshan juu ya tairi. Akaendelea kuongea. Mtoto akangoja. Wamefundishwa wasiinue kichwa kabla ya mkono.

Leshan aliacha habari ya tairi, akamwangalia mtoto wake.

"Mum, unanyima mtoto salamu?" Mugure akasema kutoka kwa gari, akicheka.

Mama yake aligeuka upande wa kulia. "Mtoto gani?" Akanyoosha mkono, mkono ukatafuta hewani.

Niliona kicheko kikitoka kwa uso wa Mugure kidogo kidogo. Alitoka ndani ya gari, akachukua mkono wa mama yake, akauweka juu ya kichwa cha Nasieku. Mtoto akainua uso, akakimbia.

"Tangu lini?" Mugure akauliza.

"Mwezi wa pili."

"Na Mama Amolo anajua."

Aliniangalia mara moja tu. Afadhali macho yake yangekuwa na hasira.

"Gari inaweza kungoja, mama," Leshan alisema kwa sauti ya chini. "Haiendi mahali."

"Tunaichukua," Mugure akasema. Akapangusa mikono kwa suruali yake, akazunguka nyuma, akafungua buti. Hakuuliza tena juu ya rangi wala redio. "Hapa inaingia trei ngapi?"

Mama yake aliposikia hivyo alikuja polepole, akipapasa, akaketi kando yangu kwa benchi.

Tulikubaliana karatasi za gari ziandikwe Jumatatu. Leshan alisema bima yake bado iko, tuende nayo nyumbani. Mugure alikuwa ameingia kwa kiti cha dereva, anarekebisha vioo, kimoja kimoja, bila kutuangalia. Nilisimama nimfungulie mama yake mlango wa mbele. Alinivuta leso niliyombebea Amolo.

"Kaa wewe mbele," aliniambia polepole. "Mimi nitakaa nyuma na Amolo. Huyo mtoto wangu hulia bila sauti, tangu akiwa mdogo. Nilikuwa najua kwa kumwangalia. Barabara ya Isinya iko na malori. Ukiona machozi, Mama Amolo, mwambie aweke gari kando kwanza."