Mkusanya Damu na Riwaya ya Bwana Mwenye Kiu

Kila mtu kwenye benki ya damu alimwita Shangazi, hata mkubwa wake wa kazi aliyemzidi umri. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka na gari la kukusanya damu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtu alikuwa bado anauliza kama itauma, na mfuko umeshaanza kujaa.

Chuo cha ualimu ndicho kilichokuwa tegemeo lake. Kila muhula alipata pale mifuko sitini bila jasho. Muhula ule, yeye, muuguzi mwenzake na dereva walifika saa mbili asubuhi, wakapanga vitanda sita ukumbini, wakakaa. Mpaka saa sita walikuwa na mifuko minne, na mmoja ulikuwa wa dereva, aliyeona aibu kukaa bure.

Tangazo la mlangoni lilikuwa na picha ya muuguzi anayetabasamu. Mtu alikuwa amemchorea meno mawili marefu kwa kalamu ya wino. Wanachuo walikuwa wakipita wanasema kwa sauti nzito, "Karibu ndani, bwana wetu," kisha wanaangua kicheko na kukimbia.

"Wamepatwa na nini hawa?" Shangazi akamuuliza mlinzi.

"Wanasoma kitabu cha mnyonya damu," mlinzi akasema. "Wiki iliyopita wamekiigiza ukumbini humuhumu. Watu walipiga mayowe! Sasa ukitokea wewe na mipira yako na sindano, unategemea nini?"

Shangazi akaenda moja kwa moja kwa mkufunzi wa fasihi, kijana mwembamba aliyekuwa amezungukwa na marundo ya madaftari.

"Mwalimu, kitabu chako kimeninyima damu."

Mkufunzi akacheka, kisha akauona uso wake, akaacha. "Pole sana, Shangazi. Ni riwaya ya karne ya kumi na tisa, na imo kwenye mtaala. Siwezi kuiondoa."

"Zaidi ya miaka mia na bado mnatishana nayo? Hakuna mambo mapya ya kuogopa?"

"Hilo ndilo swali ninalowauliza wanafunzi. Chukua, usome, halafu urudi unigombeze vizuri."

Akaichukua kwa hasira. Aliisoma wakati wa chakula cha mchana na garini, akitafuta ubaya wake aupeleke kwa mkuu wa chuo. Haikuwa kama alivyodhani. Yule mnyonya damu hakuruka wala kuvunja madirisha. Alikuwa mwenye ardhi. Alibisha hodi kwa adabu, na wapangaji wakamfungulia, maana nyumba zilikuwa zake. Kila familia ilimtoa mtu mmoja aende kwenye jumba la kilimani, na hakuna aliyethubutu kuuliza yule mtu amefanywa nini huko. Kilichomuudhi Shangazi kuliko yote ni kwamba kitabu kilikuwa kizuri. Dereva alikuwa akimwita mara mbili ndipo asikie.

Wiki ya pili akamwomba mkufunzi dakika kumi za kipindi chake. Akasimama mbele ya darasa na koti lake jeupe.

"Nimekisoma kitabu chenu chote," akasema. "Yule bwana anachukua damu ya watu kwa manufaa yake. Mimi nakuomba, unakubali, unaweka sahihi, na damu inakwenda kwa mgonjwa. Wapi na wapi?"

Alikuwa ameanza kujipongeza moyoni pale dada mmoja wa kiti cha nyuma aliponyanyua mkono.

"Mimi nilitoa muhula uliopita, Shangazi. Wewe mwenyewe ulinichoma. Miezi miwili baadaye kaka yangu akalazwa, akahitaji damu. Tukaambiwa hakuna, tulete ndugu watatu watoe kwanza. Hapa mjini tuko wawili tu. Mfuko wangu ulikwenda wapi?"

Miaka kumi na miwili, na Shangazi hakuwahi kuuliza.

"Kaka yako...?"

"Alipona. Tuliomba watu tusiowajua, barabarani."

"Nipe kadi yako ya kuchangia damu," Shangazi akasema. "Kila mfuko una namba. Nitautafuta."

Ofisini mkubwa wake hakuinua hata macho. "Kazi yako ni kukusanya. Mambo ya kugawa yana wenyewe."

Wa kugawa wakamtuma kwa watunza kumbukumbu. Wale wakamwambia aandike barua. Akaandika. Barua ikapotea. Akaandika nyingine, akaileta kwa mkono, akaambiwa mwenye muhuri yuko likizo. Alipigwa danadana ile wiki tatu, na kila alipouliza alitazamwa kama mtu anayetaka kujua siri za watu. Mwishowe mama mmoja wa kumbukumbu, aliyechoka kumwona mlangoni, akamvutia daftari nene na kuweka kidole kwenye mstari. Namba ilikuwa ileile. Mbele yake kuliandikwa: imetupwa, friji imeharibika. Mstari wa juu yake hivyohivyo. Na wa chini. Ukurasa mzima.

Alikaa kwenye ngazi za jengo lile akiwa na hasira.

Angeweza kudanganya. Mwenzake alimwambia waziwazi, "Mwambie mfuko wake umemsaidia mama aliyejifungua, yaishe." Lakini alirudi chuoni, akamwita yule dada uani, akamweleza jinsi ilivyokuwa.

"Kwa hiyo ilimwagwa."

"Ilimwagwa. Samahani, mwanangu."

"Sitatoa tena, Shangazi. Siwezi kukudanganya." Akaanza kuondoka, akageuka. "Lakini wewe umekwenda kuuliza. Nitawaambia wenzangu hivyo."

Siku ya ukusanyaji iliyofuata walikuja ishirini na mmoja. Hawakuwa sitini, na yule dada hakuwemo. Kila mmoja alipolala kitandani alitaka namba ya mfuko wake iandikwe kwenye karatasi, aondoke nayo.

Habari zikafika ofisini kwamba Shangazi ametoa mambo ya ndani. Akapewa barua ya onyo, akaisoma, akaweka sahihi. Friji ilitengenezwa baada ya miezi mitano, ikaharibika tena. Bado yuko kazini. Jumatatu zote, kabla ya kupanda gari, anapita kwa watunza kumbukumbu na orodha ya namba, na wakimwona anakuja wanaguna kwa sauti. Anavuta kiti, anakaa, anawasubiri.