Sauti ya Mama Kinywani mwa Neema

Sina faida yoyote ya kuwadanganya. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwetu Igamba. Laiti yangekuwa uongo.

Dada yangu Neema alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kabla ya kuanguka alisikia harufu ya maua ya kahawa, hata miezi ambayo mibuni haina ua hata moja. Alitabasamu, macho yakatulia, na kwa dakika hiyo alikuwa na raha kuliko sisi sote wazima. Kisha mwili ukamtupa chini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama yetu alifariki. Mimi nilikuwa Tunduma, nafanya biashara ya vitenge kutoka Zambia. Nililetewa habari kwamba anaumwa, nikasema ngoja nimalize mzigo kwanza. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Na tulikuwa tumeachana kwa maneno makali, mimi na yeye.

Baada ya matanga Neema alisikia tena ile harufu ya maua, akanigeukia na kuniita, "Kachumvi." Jamani! Jina hilo alinipa mama kwa sababu utotoni nilikuwa nadokoa chumvi jikoni, na aliniita hivyo tukiwa wawili tu. Sauti nayo ilikuwa ya mama, ile ya kukwaruza kidogo. Neema akaanguka. Alipozinduka hakukumbuka kitu.

Daktari wa zahanati akamwanzishia vidonge. Alinieleza kwa upole kwamba mishipa ya fahamu kichwani mwa dada inapiga shoti, basi. Nilimwelewa. Lakini roho ikitaka kusema na mtu, itapita wapi kama si humo humo kwenye mishipa? Vidonge vikafanya kazi. Kuanguka kukakoma, harufu ikakoma, na mama akanyamaza.

Mmeshaona ninakoelekea? Nilimwomba Neema aviache vidonge.

"Wiki moja tu, dada. Nimwombe mama msamaha."

Akaniuliza, "Mdogo wangu, mimi nikianguka naumia. Unalijua hilo?"

"Nitakuwa pembeni yako."

Akakubali, kwa kuwa alinipenda. Hakuna sababu nyingine.

Siku ya nne tulikuwa tunaosha kahawa, yeye ameinamia tangi la maji. Akainua uso. "Nasikia maua," akasema. Halafu ikaja ile sauti.

"Kachumvi, mshike dada yako."

Niaminini, niliisikia kwa masikio haya. Na sikumshika. Nyumbani kwetu tulikatazwa kumgusa mtu aliyeshukiwa na roho, eti ukimgusa sauti inakatika. Nikaficha mikono mgongoni.

"Mama, kwanza niambie kama umenisamehe."

"Mshike!" Sasa ilikuwa inalia.

Nikangoja jibu langu. Neema akaangukia tangini kifudifudi, na bado nikangoja, nikidhani atainuka anijibu. Maji yenyewe hayakufika hata magotini. Nilipokuja kumvuta, dada yangu alikuwa ameshakwenda.

Tangu siku hiyo mikono yangu haina hisia. Nashika sufuria ya moto, ngozi inababuka, mimi sina habari. Daktari mmoja wa mjini alinichoma kwa pini kidole baada ya kidole, akanipima kila namna, akasema mishipa yangu ya fahamu ni mizima kabisa. Sikumbishia. Mama hajanisemesha tena, wala Neema, na nimewaita mpaka sauti imenikauka.

Nawe mwenye mgonjwa anayeona yasiyoonekana, tafadhali, mpe dawa yake kwa wakati. Usimgeuze simu ya kuongelea na marehemu wako. Na akianguka, mshike, hata kama malaika wanaongea kupitia kinywa chake. Mama hakuja kwa ajili yangu siku ile. Alikuja kumwombea mwanawe mikono, kwa kuwa yeye hakuwa nayo tena, na mimi nilikuwa nayo yote miwili.