Kuku Yenye Uzi Mwekundu

Kuku za mama yangu zilikuwa na manyoya ya kupinduka. Sisemi yaliharibika, nasema yalipinduka: kila nyoya lilijikunja kuelekea kichwa, kama muntu aliyevaa koti ndani nje, na mvua ikinyesha ilipita moja kwa moja mpaka ngozi. Hapa kwetu Masisi, ambako ukungu unaweza kulala juu ya maharagi mpaka saa nne ya asubuhi, mwenye akili hachagui kuku ya namna hiyo. Mama alizichagua. Alizipata kwa mama yake, naye alizipata kwa mama yake, na zaidi ya hapo sijui.

Watu walitucheka sana. Walisema hizo ni kuku za waganga, eti zinafukua dawa mbaya iliyozikwa ndani ya lupango, uwanja wa nyumba. Mama, ambaye kila siku ya Mungu alikaa benchi ya mbele kanisani, aliwajibu kwamba kitu pekee alichoona zikifukua ni minyoo, na mbegu zake za maharagi. Sisi tulikula mayai na tukauza majogoo yaliyozidi. Lakini jike ya manyoya ya kupinduka haikuingia ndani ya sufuria yetu, hata Noeli.

Nikiwa mutoto nilimuona mama, kila baada ya miezi michache, anaweka jike moja ao mbili ndani ya kitunga, anafunga kitenge vizuri na kuvuka kijito kwenda kwa jirani yetu, mama mmoja wa rika lake. Alirudi jioni macho yakiwa mekundu kwa kucheka. Nilijua anaenda kupiga masolo, kuongea tu na kucheka. Kuku nilifikiri ni kisingizio tu, kusudi baba asiulize.

Halafu tulikimbia. Hilo sitalieleza sana, kila muntu wa huku ana lake la kueleza. Tulifika kambi ya Mweso, mama na mimi na yule jirani, vibanda vyetu vya mahema vikiwa vimepakana, na tulikuwa tumebeba jike nne na jogoo moja, zote za kupinduka. Mume wangu alikuwa ameshakufa mbele ya hapo. Mama akaanza kuugua. Siku moja nilitoka kulima shamba la watu ili tupate chakula, na niliporudi nikakuta manyoya ya kupinduka yametupwa nyuma ya kibanda. Mama alikuwa amekaa anakunywa supu. Jirani alikuwa anamushikia bakuli.

Mama alikufa wiki hiyohiyo. Siku ya mazishi, mbele ya watu wote, nilimuambia jirani, "Umekula kuku ya mama yangu." Ni maneno hayo tu, lakini niliyasema kwa sauti ya kumufukuza. Yeye aliinamisha kichwa, akaenda kuosha sahani.

Tuliporudi kwetu kilimani, yeye alikaa upande wake wa kijito, mimi wangu. Miaka miwili tuliishi hivyo. Tukikutana kwenye njia ya kanisa ilikuwa "Jambo" na kupita. Binti zangu wote wawili wameolewa, mmoja Goma, mwingine Buleusa, kule Walikale, ambako kufika ni kazi ya siku nyingi na roho mukononi. Nilibaki na kuku. Sijui kama kuna anayejua jinsi ilivyo kusonga bugali ya muntu mmoja. Unasonga, na sufuria inabaki kubwa. Nikaanza kuongea na zile kuku, mwanzoni nikiwa naona haya, baadaye bila haya.

Jirani alikuwa na jogoo yake kubwa, manyoya laini kama kuku zote za dunia. Hiyo jogoo ilivuka kijito kila asubuhi kuzifuata jike zangu. Niliitupia mabonge ya udongo. Mwishowe nilijenga uzio wa matete kuzunguka lupango lote, kazi ya siku nne, mikono ikatoka damu, nikawa nasema peke yangu: jogoo ya yule mama haitagusa kuku za mama yangu, zitazaa na za kwao, zibaki safi. Nilijisikia vizuri sana siku nilipomaliza. Kichwa ngumu ni ugonjwa, na mimi nilikuwa nayo.

Vitoto vya kwanza vilitoka vinane. Vilipoanza kuota manyoya, vingine vilipinduka vizuri, viwili vikawa laini, na viwili havikuota kitu. Yaani viliota vijiti vyembamba vilivyovunjika kama majani makavu, mpaka ngozi nyekundu ikabaki wazi. Mvua ya kwanza iliviua vyote viwili. Nikasema ni bahati mbaya. Vile laini niliviuza sokoni, kwa kuwa sikuona sababu ya kufuga kuku ambayo kila muntu anayo. Nikabakiza za kupinduka tu, nikazifungia pamoja.

Kila safari ya kutotoa ikawa mubaya kuliko iliyotangulia. Vitoto vya uchi vikaongezeka, zile kubwa nazo zikazeeka, mwewe akachukua moja, kikohozi kikachukua nyingine, na mvua za mwaka jana zilipoanza nilikuwa nimebaki na jike moja na jogoo moja. Ile jike ilitotoa vitoto vinne. Vitatu vilikuwa uchi, cha nne kilikuwa laini. Kuku za mama yangu, na za mama yake, zilikuwa zinaishia mikononi mwangu, na sikujua nimefanya nini.

Nilichukua soksi ya zamani ya mume wangu nikaikata, nikavishonea vile vitoto mashati. Mucheke tu, hata mimi ningecheka. Nilivilaza karibu na moto, nikavifunika na kitenge. Cha kwanza kilikufa siku ya tatu, cha pili siku ya tano, na cha tatu kilikaa wiki nzima hivi, kinakula mukononi mwangu, nikaanza kuamini. Asubuhi moja nikakikuta kimekauka ndani ya shati lake. Nilishuka nacho mpaka kijitoni ambako udongo ni laini, nikachimba shimo, na hapo nililia kwa sauti, muntu muzima, kwa ajili ya kitoto cha kuku.

Upande wa pili jirani alikuwa ameinama anachota maji. Alisimama. Alitazama kile kitu ndani ya soksi, halafu akauliza kama kilikuwa uchi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nazifungia peke yazo, za kupinduka na za kupinduka. Nikasema ndiyo.

"Kumbe mama yako hakukuambia," alisema. "Hizo haziolane zenyewe kwa zenyewe. Zikiolana zinazaa batoto ba uchi. Lazima bwana atoke inje, mwenye manyoya laini. Njo maana alikuwa anakuya kwangu na kitunga."

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Niliwaza ule uzio, na vile vitoto laini nilivyouza, na mabonge ya udongo. Yeye aliweka bidoni yake ya maji chini, akavuka kijito polepole, sababu miguu yake ilikuwa imeshaanza kumusumbua, akakaa karibu yangu.

"Na ile supu," akasema, "ni yeye aliomba. Nilimukatalia mara mbili. Alisema anataka kuonja moja mbele ya kufa, lakini wewe utakasirika. Akasema afazali unikasirikie mimi kuliko yeye, kwa kuwa yeye anaenda na mimi nitabakia."

Miaka miwili alikuwa amebeba hasira isiyokuwa yake, na mimi nikimupita njiani na "Jambo" yangu kavu. Nilimuomba musamaha. Alisema tuzike kwanza kitoto.

Siku hiyohiyo nilivunja uzio, na kesho yake niliweka jike yangu ndani ya kitunga, nikafunga kitenge, nikavuka kijito. Alinifundisha desturi yote. Mwenye jogoo halipwi kitu, ila jike ya kwanza ya uzao huo ni yake: siku unapoitambua kuwa ni jike, unaifunga uzi mwekundu muguuni, unamulelea mpaka ikomae, halafu unamupelekea. Mama alimupelekea kila mara. Nilikwenda kwake karibu kila siku, kuku ikiwa sababu na hata bila sababu, tukanywa chai, akanieleza mambo ya mama yangu ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilicheka mpaka macho yakawa mekundu. Nilijua sasa yale macho ya mama yalitoka wapi.

Hiyo ilidumu wiki tano. Jike ikiwa bado inalalia mayai, binti ya jirani alikuja kumuchukua waende kuishi pamoja Bweremana, karibu na ziwa, kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa vilima kabisa. Alifunga mulango wake kwa kamba. Jogoo aliniachia. Nilimusindikiza mpaka barabarani.

Mayai tisa yalitoa vitoto saba. Vinne vya kupinduka, vitatu laini, hakuna hata kimoja cha uchi. Nilitembea na habari hiyo lupango lote na hakukuwa na muntu wa kumuambia. Jike ya kwanza niliyoitambua ilikuwa ya kupinduka, rangi ya majivu, nzuri kuliko zote. Nikaifunga uzi mwekundu.

Kuna papa mmoja, baba wa makamo, mwenye pikipiki anayeshuka mpaka Bweremana kila wiki. Anapita kwangu na salamu: yule mama anasalimia, anauliza kama kuku yake imekomaa, ikiwa tayari amubebee ndani ya kitunga nyuma ya pikipiki, bure. Au anasema atakuja kuichukua mwenyewe siku moja, miguu ikikubali.

Nami ninajibu kila mara kwamba bado haijakomaa.

Imeshataga mara mbili. Uzi wa kwanza ulikatika, nikafunga mwingine. Juzi yule papa aliitazama ikiongoza vitoto vyake kupita mbele ya gurudumu, akanitazama mimi, akasema, "Mama, hii kuku bado?"

"Bado," nilisema. "Mwambie aje aione mwenyewe."