Kadi Arobaini za Ornella Bressan

Wiki nzima Ornella Bressan hakumsalimu profesa wake, na katika maabara ya watu tisa jambo kama hilo halifichiki. Aliingia asubuhi, akavaa kofia, barakoa na glavu, akainamia hadubini na kuunga nyaya nyembamba kuliko unywele kwenye bamba la silikoni. Ukimuuliza habari, anakujibu kwa kichwa. Sisi watu wa Trieste, huku Italia, tukinuna tunanuna kweli. Hata kahawa tunainywa wima, migongo tumegeuziana.

Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na mmoja. Mabamba yake hupelekwa Geneva, yakakaa katikati kabisa ya mashine inayogonganisha chembe za atomi, ili kila chembe ikipita, bamba liseme imepita wapi. Yakishafungiwa humo, hakuna mkono utakaoyafikia kwa miaka kumi. Ndiyo maana kila bamba lina kadi yake, na kila hatua ina sahihi ya aliyeifanya: gundi, nyaya, umeme, na mwisho baridi. Baridi ni kulishusha bamba hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, kulipandisha, kulishusha tena, mara kumi. Ornella ndiye mwenye sahihi ya baridi.

Aliyezifanya mara kumi kuwa tatu ni Profesa Tarcisio Zorzi. Mwaka jana kazi ilichelewa, wakubwa wakapiga kelele, naye akamwita Ornella ofisini akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mikono yako dhahabu, bamba lako halijawahi kurudishwa, tatu zinakutosha. Ornella akatia sahihi kadi arobaini. Mpaka leo anajichukia kwa jinsi zile sifa zilivyomwingia.

Jumatatu alilikuta jokofu la majaribio halitumiwi na mtu. Akaingiza bamba moja la kundi jipya, akaliacha lipitie mara zote kumi bila kumwomba mtu ruhusa. Mara ya nane likapasuka. Akaingiza mengine manne. Matatu yakapasuka, kila ufa ukianzia pale gundi inapokoma. Gundi ikipata baridi inasinyaa, silikoni, ngumu kama kioo, haikubali kuvutwa. Ni jambo ambalo yeye, kuliko wote, alipaswa kuliona mapema, na hilo lilimchoma zaidi.

Alipoletewa mabamba yaliyopasuka, Zorzi alisema hayo ni makosa ya kiwandani tu. Akaagiza mabamba mia moja na sitini yaliyobaki yasafirishwe Ijumaa, akampelekea Ornella kadi zake mezani na kalamu juu yake. Fulvia, fundi wa gundi, alimwinamia sikioni.

"Dada, mkataba wako unaisha Juni. Tia sahihi, ujilie mkate wako."

Ijumaa Zorzi alikuja mwenyewe. Kadi zilikuwa vilevile, mahali pa baridi peupe.

"Sitii sahihi," Ornella alisema. Ndilo neno lake la kwanza kwake tangu Jumatatu.

"Mwanangu, tumia akili. Ukisema haya mabovu, watauliza yale arobaini. Jina langu halimo kwenye zile kadi. Limo lako."

"Najua."

"Na yameshapachikwa. Wiki ijayo wanayafungia kifuniko. Nyamaza tu, huenda yakahimili."

"Huenda?" Fulvia aliacha kukoroga gundi, akamgeukia Zorzi. "Miaka kumi na mmoja unanifokea kwa punje ya vumbi, leo unaniambia huenda?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Ornella alishaficha vya kutosha. Alivua glavu, akatoka hadi kwenye simu ya ukumbini, Zorzi akimfuata nyuma akimsihi kwa sauti ya chini wazungumze kwanza. Alimpigia Henning, mhandisi wa Geneva anayepachika mabamba. Henning alipokea kwa furaha, akidhani ni habari ya mzigo.

"Henning, msifunge kifuniko. Yatoeni mabamba yangu arobaini. Yatapasuka."

Henning akasema kuyatoa ni kazi ya miezi mitatu, na wakubwa watataka jina. Akauliza ni nani aliyeyapitisha.

Zorzi alikuwa ameshageuka, anaangalia dirishani kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Ornella alimtazama mgongo ule mpaka akachoka nao.

"Mimi," alisema. "Kadi ilidai mara kumi, nikafanya tatu, nikatia sahihi. Andika hivyo hivyo."