Siku Saba za Mwenye Ghala

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya uwakili mtaa wa Mfaranyaki, mkuu wangu alinipa somo kabla hata sijapata kiti. "Kijana, usimguse mtu kabla ya kumpa notisi. Siku saba." Notisi ni barua ya kumwonya mtu kwamba utamshitaki, apate nafasi ya kujibu. Nililishika somo hilo, na limenitesa mpaka leo.

Vyama vingi na magazeti binafsi viliporuhusiwa, niliacha mahakama nikaanzisha gazeti. Kurasa zilisafiri kwa basi kwenda kuchapwa Dar es Salaam. Vijana wa leo mnaolia mtandao ukikatika kidogo mnanichosha kweli.

Msimu mmoja wa tumbaku alinijia mkulima wa Namtumbo, Mzee Ngonyani. Mnunuzi mmoja binafsi, alisema, anabandua lebo za daraja la kwanza kwenye marobota ya wakulima na kubandika za daraja la tatu, awalipe kidogo. Marobota yalikuwa bado ghalani kwake. Nikitaka ushahidi, niende na kamera.

Mhariri mwenye akili angeondoka siku hiyo. Mimi, wakili, nilikaa mezani nikamwandikia mnunuzi notisi, nakala tatu, muhuri juu, nikimweleza tuhuma zote na kumpa siku saba ajibu. Tena nikajisifu kwa uungwana. Siku ya nane nilikuta ghala tupu, limefagiliwa. Habari niliitoa bila picha wala kielelezo, na wakulima wakabaki na daraja lao la tatu. Ujinga ule unaniudhi hadi sasa.

Uchaguzi ulipofika niligombea ubunge. Nilihutubia Namtumbo juu ya haki mpaka sauti ikakauka. Mzee Ngonyani akasimama, akavua kofia.

"Wakili, yule ulimpa siku saba. Sisi ulitupa ngapi?"

Kura sikuzipata. Baadaye niliambulia udiwani mjini, kipindi kimoja, nikakitumia kubishana kuhusu mitaro.

Sasa nimestaafu na nimeandika kitabu cha maisha yangu. Sura ya ghala nilimpelekea Mzee Ngonyani kwanza, binti yake amsomee. Nikaambatisha barua kwamba nitasubiri majibu yake siku saba. Hata uzee haujaniponya.

Karatasi zilirudi kesho yake kwa basi la asubuhi. Binti alikuwa ameandika maneno ya baba yake pembeni: "Chapa leo, wakili. Siku zako saba tunazijua."