Wavu wa Bi Noi

Juzi nilipita Al Mankhool, mtaa wa mji wa Kiarabu nilikokulia, nikaona nyavu za kijani zimetandwa chini ya jukwaa la mafundi ujenzi. Nikamkumbuka Bi Noi, jirani yetu wa Kithai, fundi cherehani.

Nilipokuwa mtoto, mumewe alianguka kutoka jukwaa kama lile, akalazwa hospitali bila fahamu. Alasiri moja, mimi na mama tulimsindikiza Bi Noi hadi pale mumewe alipoangukia. Palinuka saruji mbichi na yai la kuchemsha alilolibeba kikapuni. Bi Noi akawa anachota hewa juu ya mchanga mkavu kwa wavu wa kuvulia samaki, huku akimwita mumewe kama anayebembeleza mtoto.

"Mama, anavua nini na maji hakuna?" nikacheka.

"Nyamaza. Kwao shamba, mtu akianguka, roho hubaki pale chini. Jamaa zake huiita kwa chakula, wakaichota, wakampelekea."

Nikaamini. Nikazunguka nyuma ya mbao kuitafuta, nikidhani ina ukubwa wa paka.

Simu ya mama ikalia. Akasikiliza, akasema "haya," akaitia mkobani. Bi Noi alikwishaufunika wavu kwa shati la mumewe, akaukumbatia kifuani.

"Twendeni, itatoroka!" nikamvuta mama.

Leo najua kwamba simu ile ilitoka hospitali, na kwamba hapakuwa tena na wa kupelekewa. Siku ile nilimsikia tu mama akimwambia, kwa Kiarabu chao cha sokoni, "Chota tena, dada. Huenda kuna iliyobaki."

Bi Noi akaufunua wavu, akainama, akachota.